Broila wa nyanda za juu: usiwapeleke na ratiba ya Dar

Wengi wetu tunaofuga Chanika, Kiluvya na Kigamboni tuna ndugu Njombe, Makete au Lushoto, na tunatamani kumwekea mdogo wetu broila huko nyumbani. Wazo zuri, ila usimtumie ratiba yako ya Dar. Hapa tunapigana na joto. Njombe mjini ni zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi na oksijeni imepungua kwa karibu moja ya tano. Broila hukua haraka kuliko moyo na mapafu yake yanavyoweza kuhimili. Moyo ukilazimika kusukuma damu kwa nguvu kwenda mapafuni, upande wake wa kulia hutanuka, huchoka, na maji huanza kuvuja tumboni.

Hatua ya 1: Banda
Watu wa baridi huziba kila tundu. Usikubali. Mapazia ya turubai yafungwe kuanzia chini, juu ibaki nafasi ya kiganja usiku kucha. Jiko la mkaa nalo linakula hewa ileile, kwa hiyo likolee nje kwanza. Mdogo wako achuchumae, pua iwe usawa wa vifaranga. Macho yakiwasha, maranda yabadilishwe.

Hatua ya 2: Joto
Bruda, yaani sehemu ya kulelea vifaranga, iwe na joto siku moja kabla boksi halijashuka kwenye basi. Wiki ya kwanza nyuzi 32 hadi 34 sakafuni, kisha punguza mbili au tatu kila wiki. Kifaranga anayetetemeka anahitaji oksijeni zaidi, na ndiyo hiyo haipo.

Hatua ya 3: Mpunguze kasi
Hapa ndipo pesa inaponea. Dar tunawasha taa usiku kucha na kumwaga peleti, chakula cha punje. Kule, wiki ya kwanza wale watakavyo. Kuanzia siku ya 8 hadi ya 21 taa izimwe kwa muda wa saa sita kila usiku, na chakula kiwe cha unga, maana cha unga hawakibugii. Maji yasikosekane. Kama mnachanganya wenyewe, chumvi isizidi kipimo. Utapigiwa simu, "Kaka, mbona hawa hawajazi?" Mwambie atulie, wakishavuka hapo wanafidia sehemu kubwa.

Hatua ya 4: Chanjo
Fuata mtaalamu wa mifugo wa huko. Magonjwa ya kideri na gumboro hayaangalii mwinuko.

Hatua ya 5: Kagua
Kuku mgonjwa hukaa chini akihema, upanga wa kichwani umegeuka wa bluu-bluu, tumbo ukilibonyeza linacheza kama mfuko wa maji. Majogoo ndio hutangulia, na mara nyingi ni wale wakubwa uliokuwa unajivunia. Akifa apasuliwe, upigiwe picha: maji ya manjano, pengine na mabonge ya utelezi, moyo mkubwa uliolegea. Antibiotiki haitibu hilo, hata muuza dawa aseme nini. Rudi hatua ya 1 na ya 3.

Hatua ya 6: Kuuza
Usingoje kilo mbili. Wakifika kilo moja na nusu anza kutoa, wakubwa kwanza.

Kundi la kwanza lisiangukie Juni na Julai, Makete inapoamka na barafu kwenye majani. Anza Oktoba, boksi moja la vifaranga 100.