Kutoka Dana Hadi Petra kwa Miguu: Anza kwa Kuhesabu Maji

Njia ya miguu inayotoka kijiji cha Dana hadi Petra, mji wa kale uliochongwa mwambani kusini mwa Jordan, ina urefu unaokaribia kilomita 80, na wengi huimaliza kwa siku nne au tano. Ni kipande cha Njia ya Jordan, ile inayoanzia Um Qais kaskazini na kuishia Aqaba kwenye Bahari ya Shamu. Wasafiri wengi huanza kuipanga kwa kugawanya kilomita kwa siku. Mimi ninashauri uanze na maji, kwa sababu ndiyo yatakayoamua utalala wapi, utabeba nini na utaondoka saa ngapi.

Majira mazuri ni Machi hadi mapema Mei, au Oktoba na Novemba. Kiangazi joto la mabondeni ni la kuua, na wakati wa baridi theluji huweza kuanguka kwenye milima ya Dana.

Mtu anayetembea kutwa jangwani huhitaji lita 4 hadi 6 za maji kwa siku, na kila lita ina uzito wa kilo moja. Kwa hiyo sehemu ya siku mbili isiyo na maji inaweza kukuwekea mgongoni kilo 10 au zaidi kabla hujaweka chakula wala blanketi. Hii ndiyo sababu ninamsihi kila anayekwenda kwa mara ya kwanza amkodi kiongozi wa Kibedui, ambaye anajua chemchemi ipi imekauka mwaka huu na anaweza kupanga maji yapelekwe kwa gari au punda hadi mahali pa kulala. Ukikuta kisima, kumbuka kwamba kina wachungaji wanaokitegemea: omba ruhusa, chota kiasi unachohitaji, kisha uyachuje na kuyachemsha. Kunywa mafunda machache kila baada ya muda mfupi bila kungoja kiu, tena ule kitu chenye chumvi, kwa kuwa jasho huondoa chumvi mwilini na maji matupu mengi hayairudishi.

Ondoka alfajiri, pumzika kivulini jua linapokuwa la utosi, kisha uendelee alasiri. Siku ya kwanza utashuka karibu mita 900 hadi Feynan, ambako marundo meusi ya mabaki ya shaba iliyoyeyushwa bado yametapakaa karibu na migodi ambayo Warumi waliwafanyisha kazi wafungwa. Mwenzako akianza kupepesuka, kuropoka au kuwa na ngozi ya moto mno, usidhani ni uchovu tu. Mlaze kivulini, mmwagie maji, mpepee bila kukoma na uite msaada kwa namba 911. Kwa kuwa ndani ya makorongo simu mara nyingi haishiki, beba kifaa cha mawasiliano ya setilaiti.

Hatari inayosahaulika zaidi ni mafuriko. Mvua huweza kunyesha milimani mbali nawe, huku juu ya kichwa chako mbingu ni nyeupe, na korongo kavu likajaa kwa dakika chache. Kabla ya kutandika, tazama vichaka vya kando: ukiona vijiti na nyasi kavu zimenasa matawini juu ya kimo chako, maji yalifika pale, nawe hupaswi kulala chini yake. Mwaka 1963 mafuriko ya namna hiyo yaliua watalii zaidi ya 20 ndani ya Siq, mpenyo mwembamba wa kuingilia Petra. Wanabati, watu wa kale wa Kiarabu waliojenga mji huo kabla Roma haijautwaa mwaka 106, waliyajua maji hayo vizuri. Walichimba handaki la kuyaelekeza kando na kuchonga mifereji kwenye kuta za Siq. Pita karibu na ukuta uione mifereji yenyewe, kwani bila hiyo mji usingeweza kuishi pale.

Nunua tiketi ya Petra mapema, maana njia hii huingia Petra kwa nyuma, kupitia magofu yaitwayo Petra Ndogo, na haikupitishi kwenye kituo kikuu cha wageni cha Wadi Musa, mji ulio langoni mwa Petra. Panga kufika Ad-Deir, jengo lililochongwa mwambani lenye kimo kinachokaribia mita 50, saa za alasiri, jua linapoupiga uso wake. Bakiza maji na nguvu za magoti: kutoka hapo kuna ngazi zipatazo 800 za kushuka, na bado utakuwa na mwendo mrefu hadi langoni.