Breki zikilia, usiongeze sauti ya redio

Mara mbili kwa wiki napandisha Probox Lushoto kufuata kabeji na karoti, mzigo nashusha sokoni Mgandini hapa Tanga. Kutoka Lushoto mpaka Mombo ni kilomita 30 na ushei, kona juu ya kona, na ukiwa na magunia nyuma breki ndizo zinakurudisha nyumbani. Siku moja zikaanza kulia nyiii karibu na Soni. Nikaongeza sauti ya redio. Wiki tatu nimekwenda hivyo, mpaka mlio ukageuka mkwaruzo, kama mtu anasugua sufuria kwa mchanga. Pedi, zile zinazobana diski inayozunguka na tairi, zilikwisha zamani, chuma kinakula chuma. Diski mbili mpya zilinigharimu zaidi ya mara tatu ya pedi.

Basi kwanza sikiliza kelele inakuja lini. Sisi wa Raskazone na Chumbageni tunapata chumvi ya bahari bure: gari likilala nje, au mvua ikinyesha, asubuhi diski zina utando wa kutu. Kanyaga breki mara tano, sita. Mlio ukikatika hapo, endelea na safari zako.

Mlio mwembamba unaorudi kila ukikanyaga, mchana kutwa, ni habari nyingine. Pedi nyingi zina kibati kidogo kilichowekwa makusudi kiguse diski pedi ikibaki nyembamba. Hapo bado una nafasi ya kwenda gereji kwa miguu yako. Pedi za bei poa nazo hulia zikiwa bado nene, kwa hiyo usinunue kwa sikio peke yake. Mkwaruzo mzito ukikanyaga, paki gari.

Mkwaruzo usiojali kama umekanyaga au la? Huenda ni kokoto imenasa kati ya diski na bati lililo nyuma yake. Rudi rivasi taratibu, mara nyingi hudondoka. Jirani yangu aliuziwa pedi mpya kwa ajili ya kijiwe kama punje ya hindi.

Sasa angalia kwa macho. Kata usukani mpaka mwisho, mulika kwa tochi ya simu kupitia matundu ya rimu. Pedi mpya ina milimita 10 hivi za nyama, bila kuhesabu bati lake la mgongoni. Ikifika 3, badilisha. Huna rula? Kadi nne za benki ukizibana pamoja ni milimita 3. Lakini unayoiona kwa nje si lazima iwe ndiyo iliyoisha: pini za kalipa, kile chuma kinachozishika na kuzibana pedi, zikishika kutu, pedi ya ndani huliwa peke yake. Yangu ilikuwa hivyo. Toa tairi, tazama zote mbili.

Fungua na boneti. Mafuta ya breki hushuka kidogo kidogo kadiri pedi zinavyoliwa, kwa hiyo yakishuka usikimbilie kujaza tu. Pima pedi, kisha tafuta kama kuna panapovuja.

Pedi hubadilishwa kulia na kushoto kwa pamoja, la sivyo gari litavuta upande ukikanyaga. Mimi husimama pale pale fundi anapofanya kazi, hata akinuna. Kalipa isining'inizwe kwa mpira wake wa mafuta. Aifunge kwa waya. Grisi iende kwenye pini, isiguse uso wa pedi wala diski. Diski ikiwa na mifereji inayokwaruza ukucha, ipimwe unene kabla hajaanza kuzungumza habari za kuichonga. Nyuma Probox ina dramu badala ya diski, kwa hiyo huko mwulize breki shuu, ndizo zinazofanya kazi ya pedi.

Kabla gari halijaondoka, pampu pedali mpaka iwe ngumu. Nimeona mtu akisahau, kanyago la kwanza likazama mpaka chini, gari likaenda kubusu ukuta wa gereji. Kisha tafuta barabara isiyo na watu, nenda kilomita 50 kwa saa, punguza taratibu hadi 10 bila kusimama kabisa, uache zipoe kidogo, urudie mara nane au kumi. Pedi na diski zizoeane.

Na ukiteremka kutoka Lushoto, weka gia ndogo tangu juu. Ukisikia harufu ya kuungua, tafuta pa kuegesha penye usalama, uziache breki zipoe zenyewe. Maji usimwage: diski ya moto ikimwagiwa maji hupinda, na usukani utakutetemekea mpaka Muheza.