Ganda la mtonga: namna ya kupima usalama wake kwa panya

Wiki hii wanafunzi wawili wamekuja maabara hapa Dodoma na kiroba cha maganda ya matunda ya mtonga kutoka Kondoa. Wanataka kujua kama dondoo lake, yaani dawa inayokamuliwa kutoka kwenye ganda, ni salama. Mmoja akaniambia, "Lakini mwalimu, matonga tumekula tangu utotoni." Mmekula nyama ya ndani, ganda mmetupa. Na mtonga ni Strychnos, jamaa ya mti wa Asia unaotoa strikinini, sumu inayokakamaza misuli mpaka pumzi inakata. Basi tukaanza hivi.

1. Kibali. Andiko la utafiti lipite kamati ya maadili kwanza. Kuna Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008. Taja idadi ya panya na kwa nini hiyo, si zaidi.

2. Ganda. Mtaalamu wa mimea alitambue, maana mitonga ina aina zaidi ya moja. Osha, katakata, anika kivulini chini ya chandarua (vumbi letu mnalijua), saga. Loweka unga kwenye ethanoli (spiriti) ya asilimia 70 siku tatu ukitikisa, chuja, vukiza kwa joto lisilozidi nyuzi 40.

Hapa ndipo niliwahi kuumbuka. Panya walinyweshwa, baada ya muda mfupi wakaanza kuyumba, wakalala. Nikaandika kwa furaha kwamba ganda linaleta usingizi. Kumbe walikuwa wamelewa: spiriti haikuisha kwenye dondoo! Siku hizi napima uzito wa dondoo leo, kesho tena. Likiwa bado linapungua, halijakauka.

3. Panya. Majike wa wiki 8 hadi 12, hawajawahi kuzaa na hawana mimba. Wape siku tano wazoee vizimba. Chumba kiwe karibu nyuzi 22. Banda la bati mwezi wa Novemba ni kuwatesa tu.

4. Dozi. Tunafuata mwongozo namba 423 wa OECD, shirika la kimataifa linalotoa miongozo ya kupima usalama wa kemikali: panya watatu kwa hatua. Kama hujui lolote kuhusu dondoo, anza na miligramu 300 kwa kilo ya uzito wa panya. Wakifa wawili au watatu, shuka 50. Akifa mmoja au asife yeyote, rudia 300 kwa watatu wengine. Matokeo yakiwa hayohayo, panda 2000.

Hesabu ndiyo inawaangusha wengi. Panya wa gramu 180 kwa dozi ya 2000 anahitaji miligramu 360. Ukiyeyusha miligramu 200 katika kila mililita ya maji, atapata mililita 1.8. Kwa dozi ya 300, tengeneza ya miligramu 30 kwa mililita, ujazo ubaki uleule. Wanyime chakula usiku kucha, maji waachie. Nywesha kwa sindano butu ya kunyweshea. Ukisikia inagoma, usisukume, toa uanze upya. Ikiingia kwenye mapafu utalaumu ganda bure.

5. Kutazama. Nusu saa ya kwanza usiondoke hata kwenda kunywa chai. Saa nne za mwanzo pita mara kwa mara, kisha kila siku mpaka ya 14. Manyoya kusimama, kutetemeka, kuharisha, kushtuka ukigonga kizimba: andika pamoja na saa. Anayeteseka sana asisubiriwe afe. Uzito pima kila wiki, na mwisho wapasue wote uangalie ini na figo.

MASWALI

Mkuu, huku Bahi panya wa shambani wamejaa. Kwa nini tununue?
Hujui umri wake, ugonjwa wake, wala kama jana alikula sumu ya panya. Akifa utasema nini?

Mwalimu, mbona majike tu?
Mara nyingi wao huathirika mapema kidogo kuliko madume, na ukichanganya jinsia unahitaji wanyama wengi zaidi.

Shikamoo mwalimu. Wangu wote wamepona kwenye 2000. Naweza kuandika "haina sumu" kwenye chupa?
Marahaba. Hapana. Hiyo ni dozi moja, na anayetumia dawa anakunywa kila siku. Nenda mwongozo wa OECD namba 407: siku 28, dozi tatu na kundi la ulinganisho lisilopewa dondoo, madume 5 na majike 5 kila kundi, damu ipimwe ALT na AST (zinaonyesha hali ya ini) na kreatinini (ya figo). Kwa sasa andika kwenye ripoti, si kwenye chupa: "Miligramu 2000 kwa kilo, mara moja, haikuua panya."