Mechi ya Mchangani Uwanja Umejaa Maji: Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Filimbi, Kigoma

Watu wengi walio nje ya Kigoma waliuona uwanja wetu kwenye fainali ya Kombe la Shirikisho, Simba na Yanga pale Lake Tanganyika. Ile ilikuwa Julai 2021, kiangazi. Ligi za mchangani hazina bahati hiyo. Michango inachelewa, ratiba inasogea, na nusu fainali inaangukia Januari au Machi, katikati ya mvua za msimu ambazo huku huanza Oktoba au Novemba na kuachia Aprili kuelekea Mei. Swali la kucheza au kutocheza litakuja tu. Likikukuta saa kumi jioni, watu wameshazunguka chaki, mbuzi wa zawadi amefungwa kwenye mwembe na kila mwenye sauti anataka mpira uanze, huwezi tena kuliamua kwa akili.

Kwa hiyo anza na karatasi. Makatibu wa timu zote mbili na kamati wakubaliane kwa maandishi nani atakagua uwanja, atakagua saa ngapi, na mechi ikivunjika matokeo yatakuwaje. Hilo la mwisho ndilo linaloleta ngumi. Sheria ya 7 ya soka inasema mechi iliyovunjika hurudiwa, isipokuwa kama kanuni za mashindano zimeeleza vingine. Kanuni zenu zikinyamaza, timu iliyokuwa inaongoza mbili bila dakika ya 80 inarudi sifuri. Mweleze hayo nahodha wao akiwa amejaa tope mpaka kwenye nyusi, uone. Mkitaka dakika zilizobaki zimaliziwe kesho yake, andikeni. Mkitaka matokeo yasimame mechi ikishafika dakika fulani, andikeni pia. Mwenye kusimamisha mchezo ni refa, kwa Sheria ya 5. Mfadhili wa jezi hana kura.

Ukaguzi wa kwanza ufanyike asubuhi, saa tatu hivi, kabla timu ya Kalinzi au Mwandiga haijapanda gari, maana nauli ikishalipwa hakuna atakayekubali kuahirisha. Wa pili uwe saa nane. Utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa usikilizeni tangu siku mbili kabla, lakini msiutegemee kuwaambia kama wingu litaangukia Gungu au litaishia ziwani.

Kuna jambo moja ambalo Kigoma tunalo na hatulitumii. Tuko magharibi kabisa mwa nchi, saa zetu ni zile zile za Dar es Salaam, na jua letu linazama zaidi ya nusu saa baada ya la kwao. Wakati wa masika bado kuna mwanga hadi karibu saa moja jioni. Mechi ya saa kumi inaweza kusogezwa hadi saa kumi na dakika arobaini na tano mkakausha uwanja, na bado ikaisha mchana. Wingu likiwa zito toa dakika ishirini kwenye hesabu hiyo.

Sasa uwanja wenyewe. Kabla hujabeba ndoo, jua maji yametoka wapi. Viwanja vya juu, upande wa Mwanga kwa mfano, hupokea maji ya mlimani: mvua ikikatika na maji yakizuiwa upande wa juu, kiwanja kinapumua ndani ya saa chache. Hapo dawa ni mtaro mfupi upande wa mlima, nje ya mstari. Usichimbe mfereji ndani ya uwanja hata uwe mwembamba kiasi gani. Ukijaa tope hauonekani, na mguu ukiingia humo unavunjika. Viwanja vya karibu na ziwa, Kibirizi na Ujiji ya chini, vina shida nyingine. Ziwa Tanganyika lilipanda sana miaka ya 2020 na 2021, likapanda tena 2024, na ziwa likiwa juu, maji yaliyo chini ya ardhi ya pwani nayo yanakuwa juu. Kipimo chake ni rahisi: chimba shimo la futi moja nje ya mstari, subiri robo saa. Likijaa kutoka chini, hakuna ndoo wala sala itakayokausha kiwanja hicho leo. Tafuteni kiwanja kingine au siku nyingine.

Kama maji yametuama juu tu, kazi inawezekana. Kifaa bora ni kipande cha godoro kuukuu. Unakilaza kwenye dimbwi, unakikanyaga taratibu, unakinyanyua kwa mikono miwili na kukikamua kwenye ndoo. Ndoo imwagwe mbali, upande wa mteremko. Nimeona vijana wakimwaga mita tatu kutoka mstarini na maji yakirudi kabla hawajageuka. Anzeni kwenye magoli yote mawili, kisha ndani ya kumi na nane, yaani eneo la penati, halafu katikati. Pembeni mwa uwanja mwisho, na muda ukiisha paacheni. Dimbwi likishakamuliwa, toboatoboa sehemu hiyo kwa nondo iliyochongwa au uma wa bustani, kina cha kiganja. Ardhi inayokanyagwa kila jioni hujenga tabaka gumu juu, na maji hukaa hapo hata kama chini kumekauka, vitundu vinayapitisha. Kwenye udongo wa mfinyanzi mtupu vitundu havisaidii kitu, usijichoshe.

Msimwage udongo mkavu juu ya maji. Kila msimu kuna mzee mwenye toroli anayejitolea, na kila msimu unapatikana ugali wa udongo mbele ya goli. Toeni maji kwanza, kisha tandazeni mchanga kidogo au maranda ya fundi seremala. Maranda yachunguzwe, misumari isije ikawa imo humo.

Baada ya hapo pitieni uwanja mzima kwa miguu, watu kumi bega kwa bega, kutoka goli hadi goli. Maji ya mvua hayaji mikono mitupu. Yanaleta chupa zilizopasuka, viwembe, vipande vya bati, na kama juu kuna vyoo vilivyofurika yanaleta na hayo. Kiwanja kilichopitiwa na maji ya choo kisichezwe, hata mpira ukidunda vizuri. Mkoa huu unakijua kipindupindu.

Kipimo cha kucheza kifanywe na refa pamoja na manahodha wote wawili, macho ya wote yaone. Chukua mpira, uangushe kutoka usawa wa bega mbele ya kila goli, kwenye nukta za penati, katikati na pembeni. Usipodunda kabisa, weka alama. Kisha usukume chini kutoka mstari wa kumi na nane kuelekea goli, nguvu ya pasi ya kawaida. Ukikwama njiani kwa kuzuiwa na maji mbele yake, hapo hapachezeki. Kanyaga kwa kisigino: maji yakipanda na kufunika soli, jibu umepata. Msimamo wangu ni kwamba dimbwi pembeni mwa uwanja linavumilika, ila eneo la penati likishindwa kipimo hiki baada ya saa nzima ya kazi, mechi iahirishwe. Penati na kadi nyekundu za siku hiyo zitatoka hapo.

Jihadhari pia na sababu za anayetoa ushauri. Tarehe 3 Julai 1974, kwenye Kombe la Dunia, Ujerumani Magharibi na Poland walicheza Frankfurt baada ya mvua kubwa. Zimamoto waliingia na pampu na mechi ikachelewa kuanza. Poland walikuwa na mawinga wenye kasi, Lato na Gadocha, na kasi hiyo ilizama kwenye maji. Gerd Müller akafunga bao pekee. Huku mchangani ni vile vile: timu yenye mabeki wakubwa wa kubutua itasema uwanja uko sawa, yenye viungo wa pasi fupi itasema watu wataumia. Ndiyo maana kipimo cha mpira kina faida kuliko maneno.

Milingoti isisahaulike. Magoli yetu mengi ni miti ya mkaratusi iliyochimbiwa, na ardhi ikilainika hulegea. Sheria inataka goli lifungwe imara. Upana wake ni mita 7.32 na urefu mita 2.44, kwa hiyo mti wa juu ni mzito, na ukianguka unaanguka juu ya kipa. Mtu mzima ausukume kila mlingoti kwa bega. Ukicheza kwenye shina, pigilia mawe na kabari mpaka utulie.

Mistari ina hatari ambayo wengi hawaifahamu. Chokaa ikilowa hubabua ngozi, na ikiingia jichoni inaweza kuliharibu. Mchezaji anayeteleza juu ya mstari mbichi wa chokaa anatoka na jeraha linalofanana na la moto. Majivu ya kuni yakilowa nayo yana ukali. Tumieni rangi ya maji mahali palipokauka, na pasipokauka wekeni vibendera mita moja nje ya mstari. Vibendera vya kona viwe na urefu usiopungua mita 1.5 na ncha butu.

Radi naiweka peke yake kwa sababu hapo hakuna majadiliano. Ng'ambo ya ziwa, mashariki ya Kongo, ni kati ya sehemu zinazopigwa na radi nyingi kuliko karibu zote duniani, na mawingu hayaulizi pasipoti. Ukiona umeme, hesabu mpaka usikie ngurumo. Kila sekunde tatu ni kama kilomita moja. Ukisikia kabla ya kufika thelathini, wote watoke, watazamaji pamoja nao, na wasirudi mpaka nusu saa ipite tangu ngurumo ya mwisho. Waende darasani au ndani ya gari lililofungwa vioo. Chini ya mwembe hapana, na banda la mabati lisilo na kuta hapana. Kuvua njumu hakusaidii. Aliyepigwa hana umeme mwilini, ashikwe mara moja, na kama hapumui aanze kukandamizwa kifua huku bodaboda au gari likitafutwa. Wapo watakaosema radi hiyo imetumwa. Iwe imetumwa au imejileta, inampata aliye wazi uwanjani.

Miguuni, timu nzima ivae viatu. Sheria inadai viatu na kinga za ugoko, na siku ya tope mwenye njumu akimkanyaga aliye peku mambo yanaishia hospitali. Meno ya njumu yapapaswe kwa kidole. Ya chuma yaliyolika huwa na makali. Soli ikipakwa mafuta ya kula kidogo, tope halishikamani sana, na mawese Kigoma hayakosekani. Pakeni nje ya uwanja, juu ya gazeti, mikono ifutwe. Kipa abaki na taulo au kipande cha kitenge nyuma ya goli, na warusha mpira wawe na chao. Mipira iwe miwili, mmoja ukae kwenye mfuko mkavu. Jezi nazo ziwe za rangi zinazotofautiana mbali: bluu na kijani, ikifika dakika ya 60, zote ni kahawia na mshika kibendera anainua mkono kwa kubahatisha.

Kupasha misuli kuongezwe dakika kumi. Anayeteleza hutanua miguu ghafla, na misuli ya ndani ya paja ndiyo inayochanika. Aliyekwama kwenye tope huzungusha mwili huku mguu umebaki, na goti linalipa. Sanduku la huduma ya kwanza liwe na maji safi ya kutosha, sabuni, bandeji na glavu. Kidonda chenye tope kioshwe hapo hapo, kisisubiri mapumziko, na mwenye kidonda kirefu aende zahanati akaulizie chanjo ya pepopunda siku hiyo hiyo.

Kimchezo, nahodha ajue nusu ipi ina maji kabla ya kurusha shilingi, maana anayeshinda anaweza kuchagua goli la kushambulia. Kipindi cha kwanza wapeni wenzenu upande mbovu na ninyi mpige mashuti ya chini, yanateleza na kumpita kipa. Marufuku ni pasi ya nyuma kwa kipa kupitia dimbwi. Inakwama, straika anaifuata, kipa anatoka amechelewa, na hapo ndipo miguu inapovunjwa.

Baada ya mechi msishuke ziwani kuoga. Maji ya kingoni yenye konokono ndiyo yanayoleta kichocho, na mdudu wake hupenya kwenye ngozi nzima, sembuse yenye michubuko. Ndoo kumi za maji ya bomba ziandaliwe mapema.

Na kama uwanja ni wa shule, panga tangu kabla ya mechi nani atarudi kesho yake asubuhi na reki. Alama za njumu zikikauka zinakuwa mashimo magumu, na Jumatatu ni watoto wa darasa la tatu wanaokimbia hapo. Watu sita wakiwahi udongo ungali laini wanamaliza kabla ya chai, na barua ya kumwomba mwalimu mkuu uwanja kwa ajili ya fainali haitakaa mezani wiki mbili.