Fundi akikutajia bei: namna ya kuikagua kabla hujatoa hela

Hakuna maneno yanayolipiwa kirahisi kama "gesi imeisha". Friji haligandishi, fundi anakuja, anagusa kompresa, anasikiliza kidogo, anatamka hayo maneno mawili. Hela inatoka, friji linapoza, na baada ya wiki tatu limerudi palepale. Gesi ya friji haiishi kama ya mtungi wa jikoni. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa, na inaweza kukaa humo miaka 20. Ikipungua, kuna tundu. Bei ya "kuongeza gesi" isiyotaja mahali panapovuja ni bei ya kazi ambayo haijafanyika.

Hilo ndilo la kushika kwa chombo chochote, liwe friji, mashine ya kufulia au kiyoyozi: huwezi kujua kama bei ni ghali au nafuu mpaka ugonjwa utajwe kwa jina na uonyeshwe. Anza kuuliza "kimeharibika nini, na umejuaje?" Shilingi ngapi inakuja baadaye.

Kabla hujampigia fundi

Chomeka kitu kingine kwenye soketi ileile. Chomeka chombo moja kwa moja ukutani, bila ekstensheni. Angalia fyuzi iliyo ndani ya plagi ya miguu mitatu. Kisha pima umeme wenyewe: wa kawaida ni volti 230, na ukishuka hadi 180 hivi, kama inavyotokea jioni mitaa yenye laini ndefu, kompresa inashindwa kuanza. Inanguruma, inazima kwa "tak", inajaribu tena baada ya dakika chache. Hapo friji linaweza kuwa zima kabisa.

Kwenye friji, bana noti mlangoni, ufunge, uivute. Ikitoka bila kukaza, mpira wa mlango umelegea. Safisha vumbi kwenye mabomba ya nyuma na usogeze friji lisibanane na ukuta. Kwenye mashine ya kufulia isiyotoa maji, fungua kichujio cha chini mbele: sarafu, vifungo na soksi za watoto hujaa humo. Ukikuta tatizo ni mojawapo ya haya, umeokoa hela ya fundi kuja kukagua.

Taka bei iliyovunjwa vipande

Fundi akisema "laki mbili na nusu, kila kitu", huna cha kulinganisha. Mwombe aitenganishe: hela ya kukagua, spea, vifaa vya kazi (gesi, filta, fimbo za kuchomelea), ufundi, usafiri. Uliza pia kama hela ya kukagua inakatwa ukikubali kazi. Wengi hukata, lakini lisemwe mapema.

Kwenye spea kuna madaraja matatu, na hapo ndipo tofauti kubwa ya bei huzaliwa: orijino, kopi, na iliyotolewa kwenye mashine nyingine. Spea ya mtumba si dhambi. Kompresa iliyotumika lakini nzima inaweza kukufaa miaka. Kosa ni kulipia orijino ukafungiwa ya mtumba. Piga picha ya lebo ya kifaa kilichokufa, yenye namba na nguvu yake, kisha ulizia bei ya namba hiyo kwenye maduka mawili matatu ya spea Kariakoo. Fundi kuongeza kidogo juu ya bei ya duka ni haki yake, maana ameifuata yeye na ikifa atarudi yeye. Akiizidisha mara mbili, mwambie utainunua mwenyewe naye alipwe ufundi tu.

Friji: mahali hela nyingi hupotea

Friji likikataa, magonjwa ni machache na kila moja lina dalili yake.

Kama la juu linagandisha na la chini lina joto, kwenye friji lisilotengeneza barafu ukutani, gesi mara nyingi haihusiki. Barafu imeziba njia ya hewa kwa sababu hita ya kuyeyushia, sensa au taima yake imekufa, au feni ya ndani imesimama. Jaribu hivi: zima, acha milango wazi saa 24, washa tena. Likifanya kazi vizuri siku kadhaa kisha likarudi vilevile, tatizo ni la kuyeyusha barafu. Ni kazi ndogo ukilinganisha na gesi, na mtu akikutajia gesi hapo hajapima.

Kama kompresa inaunguza mkono kwa moto lakini ndani hakuna baridi, au barafu inashika kipande cha mwanzo tu cha bomba la ndani, gesi kweli imepungua au kuna kuziba. Kazi kamili ina hatua zake: kutafuta tundu, kulichomelea, kubadilisha filta, kuvuta hewa kwa pampu angalau dakika 20 hadi 30, kisha kujaza gesi kwa mizani kulingana na gramu zilizoandikwa kwenye lebo. Filta isipobadilishwa, au hewa isipovutwa, unyevu unabaki ndani, unaganda kwenye bomba jembamba na kuliziba. Asiye na pampu wala mizani atakisia tu, na akizidisha, utaona barafu kwenye bomba linalorudi kwenye kompresa. Kutafuta tundu hutumika naitrojeni. Oksijeni isiguse mfumo huo kabisa: ikikutana na oili ya kompresa inaweza kulipuka.

Soma aina ya gesi kwenye lebo mwenyewe. Mafriji mengi ya siku hizi ni R600a, nayo huwa na alama ya mwali wa moto karibu na kompresa. Gesi hiyo inawaka, hivyo lazima itolewe na madirisha yafunguliwe kabla ya moto wowote kuwashwa. Kiasi chake ni kidogo, mara nyingi chini ya gramu 100. Ukisikia "R600a sina, nitakuwekea R134a", kataa. Kompresa ya R600a haikutengenezwa kwa gesi nzito hiyo. Itazidiwa mzigo na kuungua.

Kisha kuna "kompresa imekufa", kauli ghali kuliko zote. Mwambie kwa heshima: "Fundi, nipimie nione." Umeme ukiwa umechomolewa, atatoa relei (swichi ndogo inayoisaidia kompresa kuanza) na kupima pini tatu kwa mita. Kwenye kompresa ya kawaida, vipimo viwili vidogo vikijumlishwa vinapaswa kulingana na kile kikubwa: kwa mfano omu 12 na 18, halafu 30. Kwenye kompresa ya inveta, ile inayobadilisha kasi yake, vyote vitatu hukaribiana. Kati ya pini na mwili wa kompresa pasiwe na usomaji wowote. Vipimo vikiwa sawa, ajaribu kwanza relei na kikinga-joto chake, vitu vidogo vya bei ndogo. Ni dakika kumi za kazi, na zinaweza kuzuia gharama ya kompresa nzima. (Kompresa inaweza pia kukwama au kuchoka ndani huku waya zikiwa nzima, kwa hiyo kipimo kizuri hakimalizi ubishi, lakini kibaya kinaumaliza.)

Angalia pia kadi ya dhamana. Baadhi ya makampuni hutoa miaka 10 kwa kompresa peke yake, ufundi na gesi ukilipa wewe. Fundi wa nje akishakata bomba, dhamana hiyo huwa imekwenda.

Vyombo vingine, kwa kifupi

Kiyoyozi ambacho feni ya nje inanguruma bila kuzunguka, muulize kwanza kuhusu kapasita, kifaa kinachoisaidia mota kuanza. Namba yake imeandikwa ubavuni, inapimika kwa dakika moja, na ni spea nafuu.

Mashine ya kufulia inayounguruma kama lori wakati wa kukamua ina beringi mbovu. Beringi zenyewe ni za bei ndogo, ufundi ndio ghali, kwa sababu mashine inafumuliwa yote. Hapo usimbane fundi kwenye ufundi. Muulize tu kama pipa la nje linafunguka au limegundishwa kiwandani, maana likigundishwa mara nyingi hesabu haitoki.

Televisheni yenye sauti bila picha: zima taa za chumbani, mulika kioo kwa tochi. Ukiona picha hafifu, zimekufa taa za nyuma, na zinabadilishwa. Kioo kikipasuka, achana nacho.

Maikrowevu inayotoa cheche ndani, angalia karatasi ya maika ubavuni. Huwa imeungua, na ni ya bei ndogo. Usifungue mfuniko wa nje mwenyewe. Kapasita yake inaweza kubaki na maelfu ya volti hata ikiwa imechomolewa, na inaua.

Bodi iliyoungua umeme uliporudi kwa kishindo, uliza: "Unaitengeneza au unaibadilisha?" Mara nyingi kimekufa kifaa kimoja kidogo juu yake.

Kutengeneza au kununua

Tuseme friji jipya la ukubwa wako ni 900,000. Bei uliyopewa: kompresa 180,000, gesi na filta 50,000, ufundi 60,000, kirikuu 20,000. Jumla 310,000, theluthi moja na kitu. Kwa friji la miaka minne, tengeneza. Ikifika nusu ya bei ya jipya, simama ufikiri. Kuna hali moja ambayo hata bei ndogo ni hasara: bomba linalovuja likiwa ndani ya ukuta wa friji, kwenye sponji. Halifikiki kwa mkono, na kila gesi unayojaza itatoka. Wa Kigamboni na Msasani, chunguzeni pia kutu. Hewa ya chumvi hula mabomba, na ukiziba tundu moja kwenye bomba lililokwisha, la pili linafuata.

Ukitaka fundi wa pili, usimwambie alichosema wa kwanza. Mpe dalili tu.

Makubaliano na malipo

Andikeni kwenye ujumbe wa simu: kifaa gani, daraja gani, bei ya kila kipande, dhamana ya siku ngapi na inahusu nini, na kwamba kifaa cha zamani unarudishiwa. Kianzio kiwe cha spea, na risiti ya EFD ya duka uione. Ufundi ulipwe mwisho.

Chombo kikipelekwa kwake, piga picha namba ya mashine, kompresa na bodi, na utie alama ya rangi ya kucha mahali pasipoonekana haraka. Friji lisafirishwe wima. Likilazwa, lisimame saa kadhaa kabla ya kuwashwa.

Likirudi, usilipigie hesabu siku hiyohiyo. Weka kipimajoto, liache saa 24 mlango ukifunguliwa kidogo tu. Chini isome nyuzi 4 hivi, la kugandisha lifike hasi 18, na kompresa ya kawaida iwe inapumzika, isingurume mfululizo. Hapo ndipo umalizie hela ya ufundi.