Mkongwe na Mgeni Mchangani: Mfundishe Mdogo Wako Kukuamrisha

Mimi ni fundi cherehani Tukuyu, nina miaka 38. Mwenzangu ana 19. Alitoka kwenye mpira wa wavu wa watu sita, ule wa ukumbini, mrefu, mkono mzito. Tunashuka kwa Kosta hadi Kyela, tunapanda Noah ya kupita Ipinda, tunacheza mpira wa wavu wa mchangani Matema, pale Ziwa Nyasa linapogusana na milima ya Livingstone. Ninamwandikia mkongwe mwenzangu ambaye amepata mdogo wa kucheza naye wawili wawili na anataka waende mbali.

Naanza na pointi tuliyoipoteza. Bonanza letu la kwanza, seti ya tatu, 13 kwa 13. Sevisi, yaani mpira wa kuanzisha, imekuja katikati yetu, si kali hata kidogo. Mimi nimemwachia, yeye ameniachia, mpira umeanguka mchangani. Pointi iliyofuata tukapoteza pia, mechi ikaisha. Tuko ndani ya Noah, giza limeingia, akaniambia taratibu: "Nilikuona unausogelea, mama. Nikaona si vizuri kukukatisha."

Binti amelelewa vizuri, na malezi hayo hayo yametufungisha. Wakati ule alikuwa ananiamkia shikamoo kila tunapokutana, hata tukiwa tumeshashika mpira. Nami nilikuwa nimemfundisha kupokea, kuinua, yaani kumwandalia mwenzako mpira apige, na kusoma upepo, ila sikuwa nimempa ruhusa ya kunipigia kelele. Kwa hiyo jambo la kwanza la kufanya na mwenzako mpya ni hilo, kabla ya mazoezi yoyote ya miguu. Mkae chini, umtamkie kwa kinywa chako: nje ya mkanda wa uwanja niamkie, niite mama, niite dada. Ndani ya mkanda hakuna shikamoo. Ruhusa hiyo lazima itoke kwako mkubwa. Yeye hawezi kuichukua.

Kisha mpe maneno mafupi. Sisi tuna "Mimi!" kwa anayechukua mpira, na linatakiwa kusikika kabla mpira haujavuka wavu. Tuna "Nyosha!", maana yake piga sambamba na mstari wa pembeni, na "Kata!", piga mshazari. Haya mawili ndiyo yaliyotubadilisha. Anayeruka kupiga macho yake yako kwenye mpira, hawezi kumwona mlinzi wa upande wa pili amesimama wapi. Anayeweza kumwona ni yule aliyeinua mpira. Kwa hiyo mkishainua, geuza macho upesi, tazama nafasi, paza sauti. Mimi nikiruka, mtoto wa miaka 19 ndiye anayeniamrisha, nami ninatii hata kama nilikuwa na wazo jingine. Siku utakapoacha kutii, ataacha kusema.

Zoezi letu ni hili: seti ya kwenda 21, na mpira wowote ulioguswa bila mtu kusema neno ni pointi ya wapinzani, hata kama tumeupiga vizuri. Wiki ya kwanza tulipoteza seti zote. Usilegeze sheria kwa huruma. Na mpira wa katikati tumekubaliana ni wa yule aliye mshazari na mpiga sevisi, kwa sababu yeye anaukabili unapokuja.

Sasa nafasi. Wapinzani wakijua mmoja wenu ni mgeni, sevisi zote zitamwendea yeye. Usijitupe mbele yake kupokea kwa niaba yake. Akipokea yeye, atapiga yeye, maana mna miguso mitatu tu, na wa kati ni wako. Kazi yako kubwa msimu mzima ni huo mguso wa pili. Mimi nilikuwa mpigaji, napenda kupiga mpaka leo, lakini nimetumia jioni nyingi kujifunza kuinua mpira mmoja tu: uliopokelewa vibaya, unaoruka kuelekea ziwani. Mkongwe anayeinua vizuri mpira mbaya anampa mgeni moyo kuliko maneno yoyote.

Mrefu akae wavuni azuie, mwenye macho ya zamani alinde nyuma. Mfano ninaoupenda ni wa Wabrazili Emanuel Rego na Alison Cerutti. Emanuel alikuwa na dhahabu ya Olimpiki ya Athens 2004 alipomchukua kijana mwenye mita 2.03 akasimama nyuma yake. Mwaka 2011 wakawa mabingwa wa dunia pale Rome, mmoja akiwa na miaka 38 na mwingine 25, na mwaka uliofuata wakapata fedha London. Kwa wanawake, April Ross wa Marekani alimchukua Alix Klineman, naye alitoka ukumbini kama huyu wangu, wakachukua dhahabu ya Olimpiki ya Tokyo iliyochezwa 2021. Ross alikuwa na 39.

Aliyetoka kwenye watu sita ana tabia za kuacha. Kugusa mpira kwa ncha za vidole kuudondosha nyuma ya bloku, yaani mikono inayozuia wavuni, mchangani ni kosa. Atumie vifundo vya vidole au kiganja kigumu. Bloku ikigusa mpira, huo ni mguso wa kwanza, mmebaki na miwili, kwa hiyo akitua ageuke papo hapo. Wangu alikuwa anatua na kusimama akisubiri mimi na mtu wa tatu tumalize kazi. Mtu wa tatu hayupo.

Ishara za mgongoni ni rahisi. Anayezuia anaonyesha kabla ya sevisi, mkono wa kushoto kwa mpinzani wa kushoto, wa kulia kwa wa kulia. Kidole kimoja, nafunga mstari. Viwili, nafunga mshazari. Ngumi, siruki. Hapa pia mwachie yeye aamue. Wewe wa nyuma utasimama palipobaki wazi.

Kuhusu mpira wenyewe, jambo ambalo watu wa milimani tunalisahau. Tukuyu iko juu ya mita 1,500, ziwa liko kwenye mita 475 hivi. Hewa ya kule chini ni nzito zaidi na inaubana mpira, kama inavyobonyeza chupa tupu ya maji uliyoifunga juu. Mpira wa mchangani hujazwa hewa kidogo, 0.175 hadi 0.225 kilo kwa sentimita ya mraba, kwa hiyo ukiupima Tukuyu ukashuka nao, ukifika Matema umelegea kama nusu. Beba pampu na kipimo, jaza ukiwa ufukweni. Msimu mzima nilidhani binti hajui kupokea, kumbe mpira ulikuwa umelala.

Uwanja ni mita 16 kwa 8. Mkanda wa mistari nimeushona mwenyewe, upana wa sentimita 5, rangi ya bluu. Wavu wa wanawake ni mita 2.24. Futi yangu ya kushonea ina sentimita 150, basi napima futi nzima na 74 juu yake. Chezeni kabla ya saa nne asubuhi au baada ya saa kumi, mchana mchanga unaunguza. Maji ya kunywa tunaweka kwenye mtungi wa Wakisi, wafinyanzi wanaouza pale pale ufukweni.

Upepo wa mwera ukivuma kutoka kusini, upande mzuri ni ule unaokupiga usoni, kwa sababu sevisi yako inashuka ndani na kuyumba. Mnabadilishana upande kila jumla ya pointi 7, na 5 kwenye seti ya tatu. Mkitembea kubadilisha, sema sentensi moja tu, na mara moja moja nyamaza kabisa umwache aseme yeye. Mapumziko ni moja kwa seti, sekunde 30. Nimemwachia ayaombe yeye.

Zawadi gawaneni nusu kwa nusu, na mkubaliane kabla ya kwenda. Nauli vilevile.

Na zungumzeni mapema kuhusu kuachana. Alison alikuja kupata dhahabu ya Rio 2016 akiwa na mwenzake mwingine, Bruno Schmidt. Mimi nimeshamwambia wangu: akipatikana mlinzi kijana mwenye magoti mazima, aende. Mkanda wa bluu na pampu achukue yeye. Mimi nitashona mwingine.