Mota ya Baiskeli ya Umeme Ikizimazima, Tazama Dashi Kabla ya Kununua Chochote

Wateja wengi wanaonijia hapa Kondele, Kisumu, na baiskeli ya umeme inayozimazima huwa wameshanunua kitu. Huyu amebeba kontrola mpya, lile sanduku linaloongoza umeme wa mota, yule amelipia betri nusu. Tunafunga kitu kipya, na baiskeli inazima palepale ilipokuwa ikizima. Inaniuma, kwa sababu bei ya betri ni karo ya mtoto. Kwa hivyo kabla hujatoa shilingi, nijibu maswali mawili. Mota ikizima, dashi, ile skrini ya kwenye usukani, nayo inazima au inabaki ikiwaka? Na baiskeli inarudi vipi: yenyewe papo hapo, mpaka uzime funguo na kuwasha tena, au mpaka ipumzike kwanza?

Dashi ikizima pamoja na mota, umeme haufiki mbele. Hapo usiguse mota wala sensa. Shida iko kwenye betri, plagi yake, fyuzi, swichi ya funguo, au zile waya mbili nene. Dashi ikibaki ikiwaka huku gurudumu likikataa, betri inatoa, ila kontrola ndiyo iliyoamua kusimama. Kazi yako ni kujua ni nani aliyeiambia isimame.

Tuanze na ile inayozima kila ukigonga shimo na kurudi yenyewe. Barabara za murram za kupanda Kajulu zinaleta hizi nyingi sana. Zima funguo, toa betri, vua pete na saa ya chuma, kisha chungulia pini za kitako cha betri kwa tochi. Pini nzima inang'aa upande mmoja pale inaposuguliwa. Mbovu ina alama nyeusi kama imechomwa, au ukungu wa kijani pembeni, na mara nyingi plastiki inayoizunguka imegeuka rangi ya chai ya maziwa. Hiyo rangi ni joto: pini haishiki vizuri, umeme unaruka, pini inachemka, inalegea zaidi. Nyeusi kidogo inasafishika kwa msasa laini na dawa ya kusafishia vifaa vya umeme. Ikiwa plastiki imeyeyuka, badilisha plagi yote, pande zote mbili, kwa sababu pini mpya ukiiingiza kwenye tundu lililolegea itaungua tena.

Ukiwa hapohapo, shika kila waya mnene na uuvute polepole. Nimeshaona waya ambao kwa nje ni mzima kabisa, lakini ndani ya gamba nyuzi za shaba zimekatika zikabaki chache. Na fyuzi uiguse baada ya mwendo: ikiwa ya moto sana, kishikio chake kimelegea.

Sasa ile inayozima mlimani. Hii ndiyo inayowala watu pesa, kwa hivyo nitakaa nayo. Kuna kijana anayebeba mitungi ya maji. Mjini anatembea vizuri, lakini akitoka Mamboleo kupanda upande wa Kiboswa baiskeli inakufa giza, dashi na yote. Alikuja akaniambia, "Omera, mota imeungua." Mota ilikuwa nzima. Yeye alikuwa anapima betri akiwa amesimama, nayo ikisoma volti 51. Betri iliyochoka ikisimama inasoma vizuri. Inajulikana ikibeba mzigo.

Betri ya lithiamu ya volti 48, ile ya kawaida, ina mafungu 13 ya seli yaliyopangwa mfululizo. Ikijaa inasoma 54.6. Ukivuta mafuta, yaani akselereta ya mkononi, mpaka mwisho mlimani, betri nzuri inashuka volti mbili, tatu, pengine nne. Iliyochoka inatoka 51 hadi 41 kwa mara moja, inazima, na ukisimama inapanda tena kama haijafanya kitu. Kama dashi yako haionyeshi volti, nunua voltimita ndogo ya kidijitali, uifunge kwenye usukani na fyuzi yake, upande mlima ukiitazama kwa jicho moja. Mwendo huo mmoja utakuambia mengi kuliko siku nzima ya kupima kibandani.

Tazama pia jinsi inavyokata. Kontrola nyingi za volti 48 hukata zikifika kama 40 hadi 42, na hapo dashi inabaki ikiwaka huku alama za betri zikiwa zimeanguka. Ikizima giza totoro, ni bodi ya ulinzi iliyo ndani ya betri, ile BMS. Bodi haiangalii jumla tu. Inaangalia kila fungu peke yake, na moja likishuka chini ya volti 3 hivi, inafunga mlango. Fungu moja dhaifu linasimamisha betri yote, kama ng'ombe mmoja akilala chini anavyosimamisha jembe. Ndiyo maana dashi inaweza kuonyesha nusu na bado ukalala njiani.

Kipimo cha bei rahisi kuliko vyote ni kuazima betri ya mwenzako, yenye volti zilezile na plagi ileile, chanya na hasi zikiwa pahali pamoja. Panda nayo mlima uleule. Isipozima, umepata jibu. Kama betri yako ni ya kubadilishana kwenye kituo, hapo ni rahisi zaidi: irudishe, chukua nyingine, usiifungue. Wenye betri nne za asidi za volti 12, pimeni kila moja peke yake mtu mwingine akiwa anavuta mafuta na baiskeli ina mzigo. Ile inayoanguka kuliko wenzake ndiyo mbovu.

Na hapa nasema kwa ukali. Kuna mafundi watakaokuambia wairuke bodi ya ulinzi, waunganishe waya moja kwa moja, "haitazima tena." Ni kweli haitazima. Seli dhaifu itaendelea kukamuliwa, kisha utaichaji usiku ndani ya nyumba ya mabati ambamo watoto wamelala. Betri ya lithiamu ikishika moto haizimiki kwa beseni la maji. Usikubali, hata kama ni bure. Betri iliyovimba, au yenye harufu tamutamu ya dawa, iweke nje mbali na nyumba na usiichaji tena.

Dashi ikibaki ikiwaka na volti ziko sawa, nenda kwanza kwenye breki. Vishikio vya breki vina swichi ndogo inayoiambia kontrola ikate mota. Spring ikichoka au vumbi likijaa, kishikio hakirudi mpaka mwisho, na kontrola inaamini umeshika breki. Sukuma vishikio mbele kwa vidole huku unavuta mafuta. Mota ikiamka, umeipata. Ukitaka uhakika, chomoa plagi ya waya za swichi upande mmoja, kisha mwingine, ujaribu. Katika baiskeli nyingi mota itafanya kazi bila hizo swichi, na breki zenyewe za kushika gurudumu hazihusiki. Ila hiyo ni ya kupimia tu, rudisha ukimaliza.

Halafu akselereta. Ina waya tatu: nyekundu, nyeusi, na moja ya kupeleka ishara. Kati ya nyekundu na nyeusi utapata karibu volti 5. Ya ishara ianze karibu 0.8 au 1 ukiwa umeiacha, ipande polepole hadi 3.6 au zaidi kidogo ukivuta yote. Ikirukaruka, au ikianguka sifuri ukitingisha waya, badilisha. Ni kifaa cha bei ndogo.

Mota inayotetemeka ikitaka kuanza, lakini ukiisukuma inakwenda, hiyo ni ya sensa, vile vifaa vidogo ndani ya mota vinavyoiambia kontrola gurudumu limefika wapi. Tazama waya unapotoka kwenye ekseli ya gurudumu la nyuma. Nati ikilegea ekseli inazunguka na kuukata waya palepale mlangoni. Gamba likiwa limekwaruzwa hapo, usipite. Kupima sensa, acha plagi yake ikiwa imeunganishwa, washa funguo, weka mita kati ya waya mwembamba mweusi na wa njano, kisha kijani, kisha buluu, ukizungusha gurudumu kwa mkono taratibu. Kila mmoja uruke kati ya karibu sifuri na karibu 5. Unaokwama umekufa, au pini yake imerudi nyuma ndani ya plagi. Anza na pini.

Ikizima baada ya kupanda muda mrefu na kurudi ukipumzika robo saa, ni joto. Gusa sanduku la kontrola. Wengi huifungia ndani ya mfuko pamoja na koti la mvua, na jua la Kisumu juu yake. Itoe ipigwe na upepo, punguza mzigo.

Na ikianza kuzima baada ya mvua au ya kuoshwa kwa mashine, toa betri, fungua plagi zote, zikauke kivulini. Ukizirudisha, acha kila waya ulegee kidogo chini ya plagi yake ili tone la maji lidondoke kabla halijaingia.

Ukishatengeneza, usijaribie uwanjani bila mzigo. Beba mtungi uleule, upande mlima uleule, na mwisho wa mlima simama, uguse plagi ya betri. Ikiwa ya moto, bado kuna kazi.